Tufundishwe kuandaa mwili, si beseni na kanga tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie kina mama wajawazito wa mkoa wetu wa Dodoma, waume zao, na hasa wauguzi wanaotoa somo la asubuhi katika kliniki za mama na mtoto. Hoja yangu ni moja. Mengi yanayomwezesha mama kujifungua kwa njia ya kawaida bila kuumia sana yanafundishika, hayahitaji fedha nyingi, na yanatakiwa kuanza wiki kadhaa kabla ya uchungu. Lakini wengi wetu huingia leba bila kuwahi kuyasikia.

Katika mimba yangu ya kwanza sikukosa kliniki hata mara moja. Kila asubuhi, kabla ya kupimwa uzito na presha, tulikaa kwenye mabenchi, na muuguzi akatusomea vitu vya kwenda navyo siku ya kujifungua: glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni na kanga zisizopungua nne. Nilivinunua vyote mapema katika soko la Majengo, nikavipanga kwenye begi, na begi nikaliweka chini ya kitanda. Uchungu ulipoanza, begi lilikuwa kamili, ila mwenye begi hakujua ahemeje, akaeje, wala asukume wakati gani. Nililazwa chali, nikaambiwa nishike mapaja, nibane pumzi na kusukuma kwa nguvu zangu zote, na kabla sijaelewa kinachoendelea nilikuwa nimeshaongezewa njia, yaani kukatwa kwenye mlango wa uke ili mtoto apite. Hakuna aliyenieleza kwamba nitachanwa, wala sababu yake. Kituo chenyewe sikitaji, kwa kuwa sikuandika ili kumshtaki mtu, na usiku ule muuguzi mmoja alikuwa akihangaika na wazazi watano. Hata hivyo, kwa wiki tatu nilikalia tako moja, nikanyonyesha nimelala ubavu, na kila nilipokwenda haja ndogo nilijimwagia maji ya vuguvugu papo hapo ili mkojo usiniunguze kwenye nyuzi.

Mimba ya pili ilinikuta nimehamia kata nyingine, na huko nilikutana na mkunga mtu mzima ambaye alisoma kadi yangu, akaona nilishonwa, akaniita pembeni. Badala ya kunihutubia aliniambia, "Mwanangu, ingiza kidole gumba kwenye kona ya mdomo wako, uvute taratibu kuelekea sikioni." Nikavuta. Akaniuliza nasikia nini, nikamjibu kwamba panawaka. "Usiache kuvuta, lakini legeza taya, legeza na mabega, upumue." Baada ya kama dakika moja ule mwako ulipungua, ingawa kidole kilikuwa palepale. Ndipo akaniambia kwamba msamba, yaani ile nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa, huwaka namna hiyohiyo kichwa cha mtoto kinapotokeza, na kwamba mwanamke anayekutana na mwako huo kwa mara ya kwanza akiwa leba hushtuka, akajikaza, na nyama iliyokazwa huchanika kwa urahisi zaidi kuliko iliyolegezwa.

Alichonifundisha baada ya hapo ni kuukanda msamba, jambo ambalo wakunga wa nchi nyingi hulifundisha waziwazi, na ambalo hapa kwetu, nadhani kwa sababu ya haya, halisemwi. Mama huanza akifikisha wiki ya 34 au 35. Anaoga maji ya uvuguvugu, anakata kucha, ananawa mikono kwa sabuni, kisha anakaa nusu mgongo akiwa ameegemea mito, au anasimama mguu mmoja ukiwa juu ya kigoda ikiwa tumbo limekuwa kubwa na mikono haifiki vizuri. Anapaka mafuta safi ya mimea kwenye vidole gumba, ya nazi au ya alizeti yanafaa, anaviingiza ukeni kiasi cha sentimita 3 hadi 4, anakandamiza kuelekea njia ya haja kubwa na pembeni mpaka asikie ule mwako mdogo, anatulia hapo kama dakika moja huku akipumua polepole, halafu anakanda kwa kwenda huku na huku kwa umbo la nusu duara. Dakika tano zinatosha, na mara moja au mbili kwa wiki zinatosha pia. Hakuna faida iliyoonekana kwa kujitesa kila siku. Mume anaweza kusaidia kama wawili hao wanaelewana katika hilo, na kama hawaelewani asilazimishe. Mafuta yenye manukato na jeli za kujipaka usoni ziachwe kwenye meza ya kioo.

Sitaki kumwahidi mtu miujiza. Uchambuzi wa tafiti nne zilizohusisha wanawake wapatao 2,500 ulionyesha kwamba, kwa kila wanawake 15 waliofanya zoezi hili, mmoja aliepuka kushonwa ambaye vinginevyo angeshonwa, na kwamba faida hiyo ilionekana wazi kwa wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa natarajia mtoto wa pili, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni vidole vyangu vilivyoniokoa na wembe. Huenda njia ilishafunguliwa na kaka yake. Nilichopata bila shaka yoyote ni kuufahamu mwili wangu na kutouogopa ule mwako. Na zoezi hili lina watu wasiopaswa kulifanya: anayetokwa damu, aliyeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, mwenye maambukizi ukeni, na ambaye chupa imeshapasuka. Kwa hiyo muuguzi aulizwe kwanza.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa kanda ya kati kuliko wengine wengi, na ninaomba nilikalie kidogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Dodoma wanawake 47 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 kati ya 100. Wengi wa waliohesabiwa wakati ule bado wako katika umri wa kuzaa. Kovu la ukeketaji halinyooki kama nyama nzima. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia wajawazito katika nchi sita za Afrika na kuchapisha mwaka 2006 kwamba waliokeketwa, hasa kwa ile aina ya kukata sehemu kubwa, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutokwa damu nyingi baada ya kuzaa, kuongezewa njia na kufanyiwa upasuaji. Mama wa namna hiyo, akikaa kimya kwenye kliniki miezi yote tisa kwa aibu au kwa kuogopa kwamba wazazi wake watakamatwa, anagunduliwa na muuguzi wa zamu saa nane usiku mtoto akiwa mlangoni. Uandaaji wa mwili wake unaanza kwa kusema. Akisema mapema atapimwa, ataambiwa kama kukanda kunafaa kwake au la, na atapangiwa kujifungulia hospitali yenye daktari badala ya zahanati ya kijijini. Nawaomba wauguzi nao waulize kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, si kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni.

Nikirudi kwenye mwili kwa ujumla, ile misuli ya chini inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo, ambayo mtu huikaza anapozuia mkojo, inahitaji mazoezi mepesi wakati wote wa ujauzito: kaza kwa sekunde chache, legeza kabisa, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, hata ukiwa ndani ya daladala, ila si wakati wa kukojoa kwenyewe. Watu husisitiza kukaza. Mkunga wangu alisisitiza kulegeza, kwa sababu leba ndipo kulegeza kunapohitajika, na kukaza kutakusaidia baadaye usivuje mkojo unapopiga chafya.

Kutembea ni kuzuri, na kuchuchumaa kwa muda mfupi huku umeshika kitu imara huizoesha nyonga kufunguka. Lakini nina ugomvi na wanaomwambia mjamzito wa Chamwino au Bahi kwamba "kazi ndiyo mazoezi". Mwanamke anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka kisimani mara nne kwa siku, kisha akashika jembe juani, hahitaji mazoezi. Anahitaji kukaa chini, na anahitaji mtu mwingine wa kubeba ile ndoo. Kuanzia wiki ya 28 alale kwa ubavu, maana anapolala chali uzito wa kizazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mtoto hupungukiwa damu na hewa.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya mkao wa leba uwe na maana. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba mama anayetembea, anayesimama, anayekaa wima au kupiga magoti katika hatua ya kwanza ya uchungu, yaani kabla ya kusukuma, hupunguza muda wa hatua hiyo kwa zaidi ya saa moja, ukilinganisha na anayelala kitandani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu uzazi unasema mama achague mkao wake, anywe na ale kama hana hatari maalumu, asilazimishwe kusukuma kabla mwili wake haujamsukuma, asikandamizwe tumbo ili mtoto atoke, na kuongezewa njia kusiwe desturi ya kila mzazi. Mwongozo huohuo unapendekeza vitambaa vya maji ya uvuguvugu kuwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma, ambavyo vimeonekana kupunguza ile michaniko mikubwa inayofika kwenye njia ya haja kubwa. Kitambaa na maji ya uvuguvugu, Mhariri! Katika vituo vyetu chai ya wauguzi huchemshwa kila siku, sioni kwa nini birika hilo lisihudumie na msamba.

Leba yangu ya pili ilikwenda hivi. Nilizunguka zunguka kwenye korido mpaka mkunga aliponipima na kukuta mlango wa kizazi umefunguka sentimita nane, nikanywa uji wa ulezi kwa vikombe viwili kwa kuwa ilikuwa Novemba na joto la Dodoma mwezi huo tunalijua wenyewe, kisha nikalala ubavu wa kushoto huku nimekunja goti la juu. Hamu ya kusukuma ilipokuja nilisukuma kama mwili ulivyotaka, bila kuhesabiwa. Kichwa kilipotokeza, mkunga aliweka kitambaa chenye uvuguvugu, akaniambia, "Sasa usisukume, hema kama mtu aliyetoka kukimbia." Nikahema. Pakawaka, nikakumbuka kona ya mdomo, nikalegeza taya. Kichwa kilitoka chenyewe polepole, kati ya uchungu na uchungu. Nilipata mkwaruzo mdogo usiohitaji uzi, na jioni yake nilikaa kitako nikala.

Kuhusu chakula, bibi yangu aliamini kwamba mlenda humfanya mtoto ateleze. Mlenda hauendi kwenye kizazi, ila sitamwambia mtu auache, kwa sababu mlenda wenye karanga, kunde, choroko, mtama na uwele ni lishe nzuri, na hulainisha choo ambacho vidonge vya kuongeza damu hukifanya kigumu. Vidonge hivyo ndivyo vinavyoachwa zaidi, na kuviacha ni kosa, kwani mama asiye na damu ya kutosha huchoka mapema katika kusukuma na hana akiba akitokwa damu. Vimezwe kwa maji ya ubuyu au chungwa, ambavyo husaidia madini ya chuma kuingia mwilini, na si kwa chai, ambayo huyazuia. Ninaposema ubuyu namaanisha ubuyu wenyewe wa mti, si ule uliopakwa rangi nyekundu na sukari. Na ule udongo wa kula unaouzwa kwa mafungu sokoni uachwe, maana unaweza kuleta minyoo na kuzuia damu kuongezeka. Anayeutamani sana amwambie muuguzi, kwa kuwa mara nyingi hamu hiyo yenyewe ni dalili ya upungufu wa damu. Mayai yaliwe. Mtoto hazaliwi na kipara kwa sababu ya yai.

Tende nazo zimepata sifa siku hizi. Utafiti mmoja mdogo wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha wanawake 69 waliokula tende sita kila siku katika wiki nne za mwisho na wengine 45 ambao hawakula, ukaona waliokula walifika hospitali wakiwa wamefunguka zaidi. Ni wachache mno kujenga juu yake, lakini tende haina madhara kwa asiye na kisukari, na wanaozipenda wale.

Kwa upande wa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, sina lugha ya upole. Mizizi na majani yanayochemshwa na kunyweshwa mjamzito, mara nyingi na mama mkwe mwenye nia njema kabisa, yanaweza kukifanya kizazi kikaze mfululizo bila kupumzika, na kizazi kinachokazwa hivyo wakati mtoto hajakaa vizuri kinaweza kupasuka. Hakuna anayejua kipimo chake, na mbaya zaidi, mama hunywa kwa siri kabla ya kufika kituoni, kisha huwekewa dripu ya uchungu na watu wasiojua alichokwisha kunywa. Mafuta ya nyonyo nayo huharisha na kumkausha mama maji kabla hata kazi haijaanza. Kama mtu amekwisha kunywa chochote, aseme, kufokewa kunavumilika.

Limebaki suala la msindikizaji. Tafiti 26 zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 zimeonyesha kwamba mama mwenye mtu wa kumshika mkono mfululizo, awe dada, mama, mume au mwanamke mwingine aliyezoea, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida na kwa muda mfupi. Najua wodi zetu nyingi zina vitanda vinne katika chumba kimoja na haiwezekani kila mtu aingie na mumewe. Pazia linawezekana. Na kwa Dodoma ya leo jambo hili lina uzito wake, maana tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, mitaa kama Nzuguni na Ihumwa imejaa watumishi vijana ambao mama zao na shangazi zao wako Mbeya, Bukoba au Tanga, na ambao mwalimu wao wa uzazi ni simu.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki ni dogo. Somo la asubuhi libaki na orodha yake ya glovu na kanga, lakini kwa wenye mimba ya wiki 32 na kuendelea watengewe robo saa siku moja katika wiki, ndani ya chumba, wanawake peke yao, wafundishwe kukanda msamba, kulegeza, kuhema na mikao ya leba, na waambiwe pia kwamba upasuaji ukihitajika si kushindwa. Mwenye kovu la upasuaji wa awali, mtoto aliyetanguliza makalio, presha ya juu au mapacha asitumie barua hii kama sababu ya kubaki nyumbani.

Mdogo wangu amefikisha wiki ya 35 na yuko Kibaigwa. Alinipigia simu Jumamosi akiniuliza kama mafuta ya alizeti aliyonunua barabarani, yaliyojazwa kwenye chupa ya maji iliyotumika, yanafaa kwa zoezi lile. Nilimwambia hayo akaangie mboga, na kwa ile kazi nyingine anunue chupa ndogo iliyofungwa, aiweke chumbani mbali na jiko, na kabla ya kuanza amwonyeshe muuguzi kadi yake.

Wako,
Mama wa watoto wawili,
Nkuhungu, Dodoma